Biashara ya tatuu: mashine bei poa, ufundi bei mbaya

Anayetaka kuwa mchora tatuu siku hizi hana haja ya kumbembeleza fundi yeyote. Anaingia mtandaoni, analipa chini ya dola 100, na baada ya muda anapokea mkoba wenye mashine, kifaa cha kuipa umeme, chupa za wino, sindano na kipande cha ngozi bandia cha kujifunzia. Sehemu kubwa ya mikoba hiyo hutoka viwanda vya China. Kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam, ni bei inayofungua mlango ambao zamani ulikuwa na bawabu.

Bawabu huyo ni uanagenzi. Marekani na Ulaya, mwanafunzi alikaa studio mwaka mmoja hadi mitatu bila mshahara, wakati mwingine akilipa ada juu yake. Alifagia, akasugua mirija ya chuma, akachora karatasini mpaka mkono ukatulia, ndipo akakabidhiwa ngozi ya mtu. Hata sindano zilitengenezwa humohumo studio: fundi alizipanga moja moja na kuzilehemu kwenye kijiti cha chuma.

Mashine yenyewe ni ya kale. Samuel O'Reilly wa New York aliisajili hataza yake tarehe 8 Desemba 1891, akiwa ameazima wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876. Baadaye zikaja mashine za koili, ambazo sumaku huvuta chuma na kukiachia kwa kasi. Mlio wake wa nyuki unajulikana na kila aliyewahi kukalia kiti cha kuchorwa. Leo zinazotamba ni za mota ndogo, nyepesi na tulivu, nyingi zikitumia betri. Za kitaalamu huuzwa dola mia kadhaa, na nyingine hupita 1,000.

Hata hivyo, fedha ya biashara hii haiko kwenye mashine. Iko kwenye katriji, kile kichwa cha plastiki chenye sindano ndani, ambacho kampuni ya Cheyenne ya Berlin ni miongoni mwa zilizokieneza. Mashine hununuliwa mara moja, katriji hutupwa kila mteja anapoinuka, na mchoro mmoja mkubwa unaweza kula tatu au nne za aina tofauti. Ongeza glavu, vikombe vya wino, karatasi ya kunakilia mchoro na plastiki ya kufunikia kila kinachoguswa. Ni hesabu ileile ya printa na wino wake. Anayeanza akipiga bajeti ya mashine peke yake, mwezi wa pili ataanza kushawishika kutumia sindano mara mbili, na hapo ndipo homa ya ini na VVU vinapopata njia.

Sindano zina lugha yake. Pakiti iliyoandikwa 1207RL ina sindano 7 zilizofungwa duara kwa ajili ya mistari, kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.35. Herufi RS ni za kuweka kivuli, na M ni zile zilizopangwa safu mbili za kujaza eneo pana. Haya hukaririwa jioni moja. Kinachochukua miaka ni kina.

Wino unatakiwa kukaa kwenye tabaka la pili la ngozi, kati ya milimita moja na mbili kutoka juu. Ukiishia tabaka la juu, unapukutika, kwa kuwa tabaka hilo hujibadilisha kwa takriban mwezi. Ukizama mno, mstari unatanuka na kuacha kivuli cha bluu kisichofutika. Ubavuni ngozi ni nyembamba, mgongoni ni nene, na mashine haijui tofauti hiyo. Inayojua ni mikono miwili: wa kulia unaendesha sindano, wa kushoto unaivuta ngozi ikaze kama ya ngoma. Wanaojifunza peke yao huusahau wa kushoto, kisha wakalaumu mashine. Ngozi bandia haisaidii sana hapo, maana haitoi damu, haivimbi wala haitikisiki kwa maumivu.

Kwa wateja wa Afrika kuna jambo la ziada ambalo masomo mengi ya mtandaoni hulipitia juujuu. Rangi hukaa chini ya weusi wa ngozi, hivyo njano na bluu hafifu hufifia, ilhali mistari mizito yenye nafasi kati yake husomeka vizuri. Keloidi nazo huwapata zaidi watu weusi. Fundi makini huuliza kuhusu makovu kabla ya kupokea malipo ya awali.

Serikali kadhaa zimeanza kumrudisha bawabu kwa njia nyingine. Jimbo la Oregon nchini Marekani hudai saa 360 za mafunzo kabla ya leseni. Wales ilianza leseni ya lazima Novemba 2024, pamoja na kozi ya kuzuia maambukizi. Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000 za wino Januari 2022. Korea Kusini, ambako tangu 1992 kuchora kulihesabiwa kazi ya daktari, ilipitisha sheria ya kuwatambua wachoraji Septemba 2025.

Soko la kwetu lina mipaka yake. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania humtaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na vijana wengi hulijua hilo. Pwani, kwenye fukwe za Zanzibar na Mombasa, mtalii hushawishiwa na piko, mchoro wa muda ambao mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD inayoweza kuibabua ngozi.

Mwenye nia ya kuanza asikimbilie kuagiza mashine. Aende kwanza hospitali kuchanjwa homa ya ini aina ya B: dozi ni tatu, nazo hukamilika baada ya miezi sita. Muda huo unatosha kuchora karatasini kila siku na kutafuta studio itakayokubali kumpokea.