Je, Wajua? Makaa Huwashwa kwa Hewa

Je, wajua kwamba mafuta taa si lazima ili makaa yashike moto? Wachoma nyama wengi wa Murera, kati ya Ruiru na Juja, hukazana kupepea tu. Kinachohitajika ni hewa ipande kutoka chini.

Chukua mkebe mkubwa wa bati wa rangi, ambao umechomwa ukaisha rangi yote, utoboe matundu kuzunguka kitako na uondoe mfuniko. Weka karatasi na vijiti chini, makaa juu, kisha washa kupitia matundu. Hewa moto hupanda, hewa baridi huvutwa ndani kwa chini, na makaa hujipepea yenyewe. Yakishafunikwa na jivu jeupe, yamimine jikoni kwa koleo na glavu nene. Miali mirefu haichomi nyama vizuri. Huiunguza nje na kuiacha mbichi ndani.

Mwenye jiko la kauri, lile lililoenea Kenya miaka ya 1980 kwa wazo kutoka Thailand, anao mlango chini. Ufungue wakati wa kuwasha, uufunge kiasi nyama ikishaanza kuiva. Makaa yaliyonyonya unyevu wakati wa baridi ya Julai hutoa moshi na kuchelewa kuwaka, hivyo yaanike kwanza.

Usiingize jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini.