Gari la Umeme Linapolia Ukiongeza Mwendo

Kamalondo, hapa Lubumbashi, haina kimya. Siku timu ya soka ya TP Mazembe inapocheza nyumbani, ngoma na nyimbo za mashabiki hufunika hata lori la mizigo. Siku kama hiyo usijaribu kupima sauti ya gari lako. Ngoja Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, maana gari la umeme hulalamika kwa sauti ndogo.

Katika gari la dizeli, mngurumo wa injini huficha kasoro nyingi. Gari la umeme halina maficho hayo, kwa hiyo mwenye gari husikia mlio akadhani mota imekufa. Mara nyingi mota ni nzima. Tatizo liko kwenye ekseli, beringi, raba au matairi, vitu ambavyo mafundi wetu wamevishika miaka yote.

Kwanza ondoa hofu ya sauti za kawaida. Katika Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwaka 2010, mota huzunguka karibu mara 8 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Ukifika kilomita 100 kwa saa, mota imepita mizunguko 6,500 kwa dakika. Meno ya gia yakisagana kwa kasi hiyo hutoa mluzi mwembamba. Mluzi ukipanda taratibu pamoja na mwendo, na ukawa vilevile tangu ununue gari, si ugonjwa. Vilevile, magari mengi ya umeme yana spika inayowatahadharisha waendao kwa miguu. Sauti yake huzimika yenyewe mwendo ukizidi kilomita 20 au 30 kwa saa.

Mluzi ukiongezeka wiki hadi wiki, fanya jaribio hili kwenye barabara tupu iliyonyooka. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga pedali ya mwendo na usikilize. Kisha iachie kabisa: mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri, na meno ya gia yanasukumana kwa upande wa pili. Sauti ikibadilika kila ukikanyaga na kuachia, shuku boksi la gia au beringi zake. Fundi amwage mafuta ya boksi ayatazame. Yakitoka na chembe za chuma, boksi lifunguliwe. Sauti ikifuata mwendo tu bila kujali mguu wako, kagua matairi na beringi za magurudumu. Ukikata kushoto kidogo uzito huhamia kulia, na mvumo ukizidi hapo, mara nyingi beringi mbovu ni ya kulia.

Tak-tak-tak unapokata kona huku ukiongeza mwendo ni kilio cha kiungo cha ekseli, ile ambayo mafundi wetu huiita kadani. Raba inayokifunika ikipasuka, vumbi jekundu la kiangazi huingia, halafu tope la masika humaliza kazi. Ukiiwahi kabla ya mlio kuanza, raba mpya na grisi safi vinatosha. Mlio ukishaanza, badilisha kiungo au ekseli nzima.

Kishindo kimoja unapoondoka, au unapotoka rivasi kwenda mbele, kina sababu yake. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote za kuzungusha tangu mzunguko wa kwanza, na nguvu hizo hutikisa raba zinazoishika mota pamoja na bushi za mikono ya magurudumu. Kagua hizo, kisha nati ya ekseli, ambayo ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Lakini kabla ya yote, inama utazame bamba la plastiki chini ya gari. Mashimo ya barabara huvunja klipu zake, nalo likaanza kugongagonga. Kulifunga hakugharimu kitu.

Ipo mipaka ambayo fundi asiivuke. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme wa zaidi ya volti 300, unaoua. Hata gari likizimwa, kifaa kinachoendesha mota hubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Asiyefunzwa kazi ya volti kubwa asiguse. Na mlio ukija pamoja na taa ya onyo au gari kupungukiwa nguvu, simama, uite aliyefunzwa.

Kobalti ya betri nyingi duniani na shaba inayofungwa ndani ya mota zinachimbwa hapa Katanga, na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifungua kituo cha utafiti wa betri. Ujuzi wa kutengeneza magari haya nao ukae hapa. Kijana wa garaji, tafuta mafunzo ya volti kubwa. Nawe mwenye gari, usimwambie fundi "linapiga kelele" tu. Mweleze mwendo ulikuwa kiasi gani, mguu ulikuwa umekanyaga au umeachia, na usukani ulielekea wapi. Majibu hayo matatu yatakuokoa kununua mota usiyoihitaji.