Marafiki na Makuzi ya Mkristo: Funzo kutoka kwa Augustino wa Hippo

Biblia haitenganishi malezi ya mtu na watu anaoandamana nao. Mithali 13:20 inafundisha kwamba anayeshikamana na wenye hekima huishia kuwa kama wao, na anayewafuata wapumbavu huumia pamoja nao. Paulo anasema jambo kama hilo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho (15:33), lakini analisema katikati ya hoja kuhusu ufufuo, kwa kuwa baadhi ya watu huko Korintho walikuwa wakidai kwamba wafu hawafufuki. Kwa hiyo onyo lake linagusa tabia na imani pia: mtu huanza kuamini yale anayoyasikia kila siku kwa watu aliowazoea.

Katika historia ya Kanisa, ni wachache waliolichunguza jambo hili kwa undani kama Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras, mashariki mwa Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi alivyokuwa na umri wa miaka 16, yuko nyumbani kwa sababu masomo yalikatizwa na ukosefu wa fedha, na akawa anashinda na vijana waliojisifia maovu yao. Alipokosa ovu la kujisifia alilibuni, ili asidharauliwe na wenzake.

Usiku mmoja kundi hilo liliukung'uta mpeasi wa jirani na kubeba mzigo wa matunda. Hayakuwa na sura wala ladha ya kuvutia, na nyumbani kwao Augustino yalikuwapo mazuri zaidi. Waliyaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Alipoyatafakari hayo baadaye akiwa askofu, alifikia uamuzi kwamba peke yake asingeiba. Raha yenyewe ilikuwa katika kufanya pamoja, na mwenzako akisema twende, unaona aibu kuona aibu. Hapo ndipo nguvu ya kundi ilipo: hubadilisha kipimo cha aibu, hata lililo jema likaanza kuonekana woga.

Kisa cha pili kinamhusu rafiki yake Alypius, aliyekwenda Roma kusomea sheria. Alichukia michezo ya watu kupigana hadi kuuana. Siku moja wanafunzi wenzake walikutana naye wakitoka kula, wakamvuta kwa utani hadi uwanjani. Aliwaambia kwamba mwili wangeupeleka, lakini macho yake yangebaki yamefumbwa, na kweli aliketi ameyafumba. Mpiganaji mmoja alipoanguka, umati ulipiga kelele kubwa. Alypius akafumbua macho, akaona damu, na hakuyaondoa tena. Baada ya hapo alirudi mara kwa mara, na sasa ni yeye aliyewavuta wengine. Kosa lake, kwa maelezo ya Augustino, lilikuwa kuutegemea ujasiri wake mwenyewe mahali ambapo kila kitu kilimvuta upande mwingine.

Marafiki hao hao wawili ndio waliokuja kusaidiana kuokoka. Mwaka 386, wakiwa Milano, walitembelewa na Ponticianus, Mwafrika mwenzao, aliyewasimulia habari za Antoni mtawa wa Misri na za maofisa wawili walioacha utumishi wa serikali baada ya kusoma maisha yake. Simulizi hiyo ilimchoma Augustino, akatoka kwenda bustanini, na Alypius akamfuata. Saa ile Augustino alipoamua kumfuata Kristo, Alypius naye aliamua. Wote wawili walibatizwa na Askofu Ambrosi wa Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Hata baadaye Augustino hakuishi peke yake. Alipokuwa askofu wa Hippo aliishi na mapadre wake nyumba moja na kula nao meza moja. Possidius, aliyeishi naye na kuandika habari zake, anasema mezani paliandikwa onyo kwamba anayependa kuwasengenya wasiokuwapo ajue meza hiyo haimfai. Siku moja maaskofu rafiki zake walipoanza kusengenya, aliwakemea na kutishia kuondoka. Ushirika mwema, basi, haukuachwa ujitokeze wenyewe, bali uliwekewa utaratibu na kulindwa.

Mafundisho haya hayamwagizi Mkristo kuwakimbia wenye dhambi. Yesu alikula na watoza ushuru, na huko Yeriko aliingia nyumbani kwa Zakayo. Lakini katika ziara ile aliyebadilika ni Zakayo, aliyeahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kurudisha mara nne alichodhulumu. Aliyeiga ni mwenyeji, wala si mgeni. Kwa upande mwingine, Yuda alitembea na Yesu pamoja na wale kumi na mmoja, na bado akamsaliti. Ushirika mwema humsaidia mtu, ila hauamui kwa niaba yake.

Makanisa ya Afrika Mashariki yameufanyia kazi ukweli huu kwa njia zao. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na kuenea miaka ya 1930 ulijengwa juu ya vikundi vya ndugu walioungama dhambi zao wazi na kuonyana. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliweka mkazo katika kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo majirani husoma Neno pamoja, huwatembelea wagonjwa na kufarijiana msibani.

Kwa Mkristo anayetaka kujua kundi lake linamjenga au linambomoa, visa hivi vinatoa maswali ya kujipima. Je, katika kundi hilo anaona aibu kutenda jema au kutenda baya? Yupo anayeweza kumwambia kosa lake wakiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, kabla halijafika kwa wengine? Na wakikutana, asiyekuwapo husemwa vipi?