Walisema ngoma, kumbe tezi ya shingo!

LEO najisema mwenyewe kabla hujanisema wewe. Mimi ni mmoja wa waliomkimbia fundi.

Fundi mwenyewe ni dada mmoja wa cherehani, kibanda chake kiko huku kwetu Goba, si mbali na Njia Nne. Mtu wa Ludewa, mpole, na suruali akikukatia yeye unatembea kifua mbele. Basi taratibu akaanza kubadilika. Akakonda hadi magauni yake mwenyewe yakampwaya, na huku sahani ya ugali anamaliza na kuongeza. Jasho linamtoka hata asubuhi za Julai zenye kibaridi. Macho yakamtoka kama mtu aliyeshtuliwa. Neno dogo tu, kashawaka. Mwisho mikono ikaanza kutetemeka, na fundi cherehani akitetemeka, mshono unapinda kama njia ya Goba enzi zile kabla ya lami.

Mtaa haukosi madaktari. Kijiwe cha kahawa kikasema ngoma. Akina mama wakasema jini. (Na hata ingekuwa ngoma, ndiyo sababu ya kumnyima mtu kazi? Hilo hatukujiuliza.) Mimi nilikuwa nimempa kitambaa cha shati la harusi ya binamu yangu. Nikaenda kukichukua, nikazuga kwamba harusi imesogezwa mbele. Akaniangalia, akakikunja vizuri, akanipa. Jioni ile nikawasimulia washikaji wawili, nao wakachukua vyao.

Aliyeshtuka ni tabibu wa zahanati. Alimwambia anyooshe mikono mbele, akamwekea karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza. Mapigo ya moyo yalikuwa zaidi ya 120 kwa dakika, naye kakaa tu kwenye benchi. Akamwambia ameze mate, akatazama shingo: kuna kivimbe kinapanda na kushuka. Akamwandikia aende hospitali kubwa. Damu ikapimwa, virusi hana. Homoni za tezi ya shingo ndizo zilizokuwa juu kupita kiasi.

Tezi hiyo ina umbo la kipepeo, imekaa chini ya koromeo. Haina mfereji, inamwaga homoni zake moja kwa moja kwenye damu, kama kongosho linavyomwaga insulini. Mimba ikiwa na wiki nne hivi, tezi hii huanzia kwenye shina la ulimi, kisha inateremka hadi shingoni. Kutengeneza homoni inaanza mimba ikikaribia miezi mitatu. Kabla ya hapo mtoto anaazima za mama yake, na ubongo wake unajengwa kwa hizo za kuazima.

Kazi yake ni kupanga mwendo wa mwili: moyo, joto, chakula kiungue haraka au polepole. Ila haijiendeshi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, pituitari, ndiyo konda wake. Homoni zikipungua konda anagonga bati, "Twende!" Zikitosha ananyamaza. Kwa yule dada, kinga ya mwili wake ilijichanganya ikatoa konda bandia. Konda halali kanyamaza zamani, yule wa bandia anagonga bati usiku na mchana, dereva anakanyaga mafuta tu. Ugonjwa huu unaitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Wanawake unawapata mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

Nilipokwenda kumwona, kichwa chini, akaniambia bibi yake kule Ludewa alikuwa na rovu kubwa. Nikadhani ni kitu kimoja. Sivyo! Rovu la bibi lilitokana na njaa ya madini joto, ambayo ndiyo malighafi ya homoni. Malighafi hakuna, konda halali anagonga bati bila kuchoka, tezi inavimba kwa kuhangaika. Homoni zikiwa chache mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anafunga choo, ananenepa bila kula sana. Mama mjamzito akikosa madini joto sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au akili na kimo vikadumaa.

Nyanda za Juu Kusini zililiwa sana na hili. Katika wilaya zilizoathirika zaidi, watoto wa shule wenye rovu walikuwa asilimia 61 miaka ya 1980. Vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezewe madini hayo. Mwaka 2004 wakabaki kama asilimia 12.

Sisi wa Pwani tunajidai, eti chumvi ya bahari inatosha. Haitoshi. Ikianikwa juani haibaki na madini joto ya maana. Watafiti waliopima watoto wa shule Zanzibar, utafiti ukachapishwa 2006, walikuta upungufu, na Pemba ndiko ulikozidi, kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote! Nikachungulia jikoni kwetu: chumvi ya mawe ya kupimiwa kopo gengeni, haina pakiti wala maandishi. Maza akaniambia nisimfundishe kupika. Kapakiti nimenunua mwenyewe, nako kanataka kufunikwa, unyevu na jua vinayamaliza madini.

Dada fundi alipewa karbimazoli, ambayo mara nyingi humezwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na propranololi ya kutuliza moyo. Akaonywa: akipata homa au koo likimuuma, arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu karbimazoli mara chache huangusha chembe nyeupe za damu. Na asiiache kwa sababu tu amejisikia nafuu.

Mwezi wa tatu mikono ikatulia. Nikabeba kitambaa changu, nikaenda. Akakipima, akaandika vipimo kwenye daftari, kisha bila kuinua uso akauliza:

"Kwani ile harusi imesogezwa mpaka lini?"