Hisabu za Merikebu Iliyosheheni

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayomlazimu mchezaji kupiga hisabu kabla ya kusafiri, Space Engineers, uliotungwa na kampuni ya Keen Software House ya mjini Prague na kuanza kuuzwa mwaka 2013 ungali haujakamilika, una mahali pake pa heshima. Kwani humo merikebu ya anga hujengwa tofali kwa tofali, na kila tofali lina tungamo lake ambalo injini itadaiwa kulisukuma. Katika merikebu kubwa, tofali la deraya nyepesi lina kilo 500, la deraya nzito kilo 3,300, na mjenzi apendaye haiba ya ngome hulipa gharama ya mapenzi hayo kila ang'oapo nanga na, vibaya zaidi, kila atakapo kusimama.

Injini nayo ni mzigo. Ile kubwa ya ioni hutoa msukumo wa kilonyutoni 4,320, lakini ina tani 43.2, ile kubwa ya haidrojeni hutoa kilonyutoni 7,200, ilhali haifiki tani 7. Asomaye tarakimu hizi kwa haraka ataitupa ya ioni, nayo haistahili kutupwa, maadamu yataka umeme tu, na mwenzake hunywa gesi itokanayo na barafu, ambayo pamoja na matangi yake huja na uzito wake. Aibu ya ioni hudhihirika ndani ya angahewa, ambamo hubakiwa na sehemu ndogo tu ya nguvu zake.

Lakini wajenzi wengi hawaponzwi na injini. Huponzwa na shehena, kwa sababu hukipima chombo kikiwa kitupu. Kontena kubwa la merikebu kubwa hupokea lita 421,875, na mawe ya madini, ambayo kila kilo huchukua lita 0.37 tu, hulijaza hadi takriban tani 1,140. Juu ya sayari yenye mvutano kama wa Dunia, shehena hiyo pekee yadai kani ya meganyutoni 11.2 ili isianguke. Injini mbili kubwa za haidrojeni zina 14.4, basi salio la 3.2 ndilo la kubebea bodi, matangi na injini zenyewe, jumla ya tani 320 na ushei, na hapo chombo kitaelea tu pasipo kupanda hata shubiri moja.

Angani uzito hutoweka, tungamo halitoweki. Tuseme chombo ni cha tani 300, kina injini moja kubwa ya ioni huko omo kwa ajili ya kufunga breki, nacho chaenda mita 100 kwa sekunde, kasi ambayo mchezo hauruhusu kuizidi. Kikiwa kitupu kitasimama baada ya mita 350 hivi. Kikiwa kimesheheni tani zile 1,140, kitahitaji zaidi ya mita 1,660, na rubani aliyezoea umbali wa kwanza atakuwa amekwisha kuligonga gati.

Katika jambo moja mchezo huu una huruma iliyopita kiasi, kwa rai yangu: kila msukumo huhesabiwa kana kwamba umepita katika kitovu cha tungamo, hata injini ikibandikwa ubavuni, na kazi ya kukigeuza chombo imeachiwa jiroskopu. Kerbal Space Program, mchezo uliobuniwa na kampuni ya Squad ya Mexico, hausamehe hivyo. Humo mjenzi huonyeshwa tufe la manjano penye kitovu cha tungamo na la zambarau penye kitovu cha msukumo, na mstari wa msukumo ukipita kando ya tufe la manjano roketi hupinduka. Tena tufe hilo huhama kadiri matangi yanavyokauka, kama jahazi linavyobadili mlalo wake shehena ikishushwa upande mmoja.

Wahandisi wa Marekani waliikabili taabu hiyo hiyo katika chombo chao cha Space Shuttle, kilichoruka mara ya kwanza mwaka 1981: injini tatu zilikuwa katika tezi ya chombo chenyewe, ilhali mafuta yake, zaidi ya tani 700, yalikuwa katika tangi la nje lililofungwa tumboni. Ndiyo maana injini zile zilikaa mshazari, zikawekwa juu ya viungo vinavyogeuka, ili zikifuate kitovu kikihama mafuta yalipokuwa yakiteketea.