Jiko Likiingia Hemani

Likizo ya Juni ndiyo inayowapeleka watoto wengi kwa bibi, na kwa wanaokwenda Lufingo, wilayani Rungwe, likizo hiyo huangukia katikati ya kipupwe. Safari moja tulibeba hema. Watoto wetu, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu, hawakuwa na habari nyingine tangu tunatoka Mbeya ila kulala nje, na babu yao akatupa kipande cha majani kando ya migomba. Giza lilipoingia, ukungu ukashuka. Muda si mrefu bibi akatokea na jiko la mkaa, amelishika kwa kitambaa.

“Wanangu, mtaganda humo. Liingizeni tu, limeshashika vizuri, halina moshi.”

Aliyasema kwa mapenzi, na nimeyasikia maneno hayohayo katika nyumba nyingi za nyanda za juu. Ndiyo sababu ya makala haya, maana kwenye “halina moshi” ndipo hatari inapojificha.

Mkaa ulioshika wekundu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikwaruzi koo, kwa hiyo pua ya mama aliyezoea jikoni haiwezi kumwonya. Hutokea pale mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na ndani ya hema lililofungwa zipu hewa hupungua haraka. Hata jiko lililofunikwa majivu, linaloonekana kama limezimika, bado linaitoa.

Ikiingia mapafuni hukimbilia damu. Oksijeni husafiri mwilini ikiwa imeshikwa na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini hiyo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati mzigo vinaousubiri. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mkubwa, na kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi zaidi. Ndani ya hema moja, usiku mmoja, anaweza kuzidiwa kabla mama yake hajasikia hata kichwa kuuma.

Mtu mzima ataanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Mtoto wa miaka mitatu hatasema kichwa kinamuuma. Atalialia, atatapika, kisha atalala usingizi usio wa kawaida, na wazazi watafikiria malaria au chakula cha jioni. Jiulizeni: je, tumeugua wengi kwa pamoja, bila homa, na tukitoka nje tunapata nafuu? Mkiona hivyo, tokeni wote na watoto, kisha mwende hospitali usiku huohuo, hata kama mtoto ameanza kuchangamka.

Huku kwetu mtu akipata sumu hukimbiliwa maziwa. Kwa sumu ya hewa maziwa hayana kazi, na kumnywesha mtoto aliyezimia kunaweza kumpalia. Dawa yake ni oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hii huchukua takriban saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu. Akipewa oksijeni safi hospitalini, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Mwambieni mhudumu wazi kwamba palikuwa na mkaa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni mara nyingi hushindwa kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha namba nzuri huku mtoto anaumia.

Baridi nayo si ya kudharauliwa. Tukuyu, mji wa huku Rungwe, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto humtoka upesi. Ardhi ndiyo mwizi mkubwa. Tandikeni kwanza majani makavu ya migomba, juu yake mkeka, ndipo godoro. Blanketi moja chini ya mtoto linaweza kumsaidia zaidi kuliko mawili juu yake. Mvueni kila kilicholoa, soksi zikiwemo, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Kofia, uji wa moto kabla ya kulala, na mwili wa mzazi karibu. Mwenye kichanga asilale naye hemani, chini ya mablanketi mazito ya watu wazima. Huyo alale ndani ya nyumba. Na mtoto aliyekuwa akitetemeka, akaacha ghafla huku anasinzia na maneno yanakuwa mazito, huyo amezidiwa na baridi: apashwe joto na apelekwe hospitali.

Rungwe ina gesi nyingine pia, inayotoka ardhini. Hii ni nchi ya volkano. Mlima Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho takriban mwaka 1800, na hadi leo ardhi ya huko inapumua kaboni dayoksaidi, ileile inayovunwa kibiashara na kutiwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, hivyo usiku usio na upepo hutuama mabondeni na mashimoni kama maji. Ndugu zetu wa Goma huiita mazuku, na wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu ya gesi wakati mtoto aliyelala chini amezama ndani yake. Basi kabla ya kusimika hema waulizeni wazee wapi mbuzi au ndege wamewahi kukutwa wamekufa bila jeraha. Chagueni penye mwinuko na upepo, hata kama bondeni kunaonekana pana joto.

Jiko la bibi halikurudi bure. Tuliliacha uwanjani, mbali na mlango wa hema. Likapika uji, likachemsha maji tuliyoyapunguza moto, tukayatia kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuizungushia khanga ili ipashe matandiko. Watoto walipoingia tukaiondoa, tukaacha tundu la juu la hema wazi. Usiku niliamka mara tatu kugusa miguu yao.

Salamu ya asubuhi ya Wanyakyusa ni “Ugonile”, na ndani yake mna kulala: umelala? Alfajiri bibi alikuja kutuuliza hivyo kupitia kitambaa cha hema, na yule wa miaka mitatu ndiye aliyewahi kumjibu.