Bukavu: Uliza kipimo cha tofali kabla ya bei

Mjini Bukavu, mtu anayetaka kuzungushia bustani yake ukuta mdogo huuliza kwanza bei ya tofali. Afadhali aanze na kipimo. Matofali ya kuchoma hayalingani, kila mfyatuaji ana forma yake. Ukipungukiwa ukanunua kwingine, mistari ya ukuta haikutani tena, na usafiri unaulipa mara ya pili.

Tuchukue ukuta wa meta 5 kwa meta 1. Tofali lenye urefu wa sentimeta 20 na kimo cha 8, ukiongeza sentimeta 2 za simenti, linachukua 22 kwa 10. Ukuta wote ni matofali 228. Nunua 250, maana mengine huvunjika njiani, hasa yale ambayo moto haukuyafikia vizuri.

Simenti ndiyo inayodanganya watu. Mfuko wa kilo 50 na ndoo 7 za mchanga, za lita 20, vinaweza kutosha kuunganisha matofali hayo, lakini msingi haumo katika hesabu hiyo. Na kama ukuta utazuia udongo wa mlima, unene wa sentimeta 10 hautoshi kabisa: hapo ni mawe, na matundu ya kupitisha maji ya mvua.